Ripoti ya Shule Yazungumza na Nani? Mfano wa Mpaka wa Busia

Kila muhula unapokwisha, mwanafunzi wa shule ya msingi hurudi nyumbani na karatasi ambayo wazazi huisubiri kuliko nyingine zote, nayo ni ripoti. Katika makala haya tunachunguza jinsi ripoti hiyo inavyoandikwa, na zaidi ya hayo, ni nani hasa anayeweza kuisoma. Tumechagua eneo la Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda, tukiwa na gombolola ya Lunyo, wilaya ya Busia upande wa Uganda, akilini mwetu. Tumelichagua kwa sababu hapo mifumo miwili ya elimu hukutana ndani ya ukoo mmoja, na pengine ndani ya nyumba moja.

Hoja yetu ni kwamba ripoti ni matini, na kila matini ina msomaji wake. Ripoti nyingi za eneo hili huandikwa kana kwamba msomaji wake ni mwalimu mwingine. Mzazi, ambaye ndiye hasa anayepelekewa, hubaki nje. Sisi tunaofundisha lugha tuna wajibu katika kurekebisha hali hiyo.

Eneo na lugha zake

Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka, na Wateso vivyo hivyo. Huko Tororo wako Wapadhola, na Butaleja, ambayo ilikuwa sehemu ya Tororo hadi mwaka 2005, wako Wanyole. Wilaya ya Busia ya Uganda nayo ilitengwa kutoka Tororo mwaka 1997. Mipaka ya utawala imebadilika, lakini undugu haukubadilika. Mtoto anaweza kuanza shule akiwa kwa mama yake Lunyo, kisha akahamia kwa shangazi yake upande wa Kenya. Kiswahili ndicho lugha ya biashara mjini Busia. Nyumbani husikika Kisamia, Kiteso, Kipadhola au Kinyole. Ripoti, kwa kawaida, huandikwa kwa Kiingereza.

Namba zinazopanda na namba zinazoshuka

Kabla hatujafika kwenye maneno, tutazame namba, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba namba hazihitaji kutafsiriwa.

Nchini Uganda mwanafunzi wa darasa la saba hufanya mtihani wa PLE wenye masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Masomo ya Jamii. Kila somo hupewa alama kuanzia 1, ambayo ndiyo bora, hadi 9, ambayo ni kushindwa. Zikijumlishwa hupatikana agregeti. Aliyefaulu kabisa ana agregeti 4, na aliyeanguka kabisa ana 36. Shule hutumia mtindo huohuo katika ripoti za muhula. Kwa hiyo kwenye mstari mmoja mzazi anaweza kukuta 89, ambayo ni nzuri kwa sababu ni kubwa, na kando yake 2, ambayo ni nzuri kwa sababu ni ndogo. Chini yake kuna nafasi ya mtoto darasani, na hapo tena udogo ndio ubora.

Nchini Kenya mambo yalikwenda kinyume. Tangu mwaka 2001, mtihani wa KCPE ulikuwa na jumla ya alama 500, na kila aliyezikaribia alisifiwa. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchi nzima katika madarasa ya chini mwaka 2019, umeleta viwango vinne. Katika miundo ya mtaala wa Kiswahili vinaitwa kuzidisha matarajio, kufikisha matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Hata hivyo, wajomba na mashangazi wengi bado huuliza swali la zamani: "Amepata ngapi?"

Sasa tuchukue mfano. Mtoto anahama kutoka Lunyo kwenda Kenya akiwa na ripoti yenye agregeti 28. Shangazi yake, aliyesoma Kenya, anaona 28 na kudhani ni alama chache mno. Mwaka unaofuata nyanya yake wa Lunyo anapokea ripoti ya Kenya isiyo na agregeti wala nafasi, ila maneno "kukaribia matarajio". Anauliza: Je, mtoto amefaulu au ameanguka? Na matarajio hayo ni ya nani? Hakuna aliyemdanganya mwenzake, lakini habari haijafika.

Mtoto anapokuwa mkalimani

Ripoti isiyosomeka kwa mzazi lazima isomwe na mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto mwenyewe. Hapo mshtakiwa anakuwa mkalimani wa hukumu yake. Mtoto mwerevu aliyepata agregeti 30 anajua la kumwambia nyanya: "Mwaka jana nilikuwa na 22, mwaka huu 30!" Nyanya anafurahi, pengine anachinja kuku. Ukweli unajulikana baada ya miaka miwili, wakati mtihani wa taifa umekwisha na nafasi ya kumsaidia imepita. Huenda tukacheka, lakini hasara ni ya mtoto.

Lipo pia tatizo la ripoti isiyofika kabisa. Katika baadhi ya shule ripoti hufungiwa kabatini kwa sababu ya deni. Deni lina njia zake za kudaiwa. Habari ya kwamba mtoto wa darasa la tatu hajui kusoma haifai kuwekwa rehani, kwani mwenye kuumia kwanza ni yule asiye na deni lolote.

Somo kutoka Busia yenyewe

Busia imewahi kutupatia ushahidi unaohusiana na jambo hili. Mwaka 1996, shule 25 kati ya 100 za wilaya za Busia na Teso upande wa Kenya zilipewa vitabu vya kiada, na watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakafuatilia matokeo. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2009. Waligundua kwamba vitabu havikuinua wastani wa alama. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari mbele. Sababu mojawapo waliyoitaja ni lugha: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu.

Tunaona funzo hapo. Ikiwa kitabu cha Kiingereza hakikumfikia mwanafunzi wa kawaida anayekaa darasani kila siku, ripoti ya Kiingereza itamfikiaje mama yake ambaye huenda aliacha shule zamani?

Mfano wa njia nyingine ni Uwezo, tathmini iliyoanzishwa mwaka 2009 katika Kenya, Uganda na Tanzania. Watu wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba, wakampa kila mtoto kazi ndogo ya kusoma na kuhesabu ya kiwango cha darasa la pili, kisha wakamweleza mzazi matokeo papo hapo. Katika kusoma, ngazi zilikuwa wazi: herufi, neno, aya, hadithi. Mzazi asiyejua asilimia ni nini anaelewa anapoambiwa, "Mwanao anasoma neno mojamoja, aya bado." Tena amemwona mtoto akisoma kwa macho yake.

Maoni ya mwalimu: "hawezi" na "hajaweza"

Tugeukie sehemu ambayo ni yetu hasa, yaani ule mstari wa maoni ya mwalimu. Wanafunzi wetu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha hujaza mistari hiyo kwa mamia, na karibu yote hufanana: "Amejaribu." "Aongeze bidii." "Anaweza kufanya vizuri zaidi." Sentensi hizi ni sahihi kisarufi lakini hazina habari. Hazisemi bidii iongezwe wapi, wala nani amsaidie. Zingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kumwona mtoto huyo.

Kiswahili kimetupa chombo kizuri ambacho hatukitumii. Linganisha sentensi hizi mbili: "Hawezi kusoma aya." "Hajaweza kusoma aya." Ya kwanza inafunga mlango, kwani inamweleza mtoto kana kwamba hiyo ndiyo tabia yake. Ya pili, kwa kiambishi -ja-, inasema kwamba jambo halijatokea lakini linatarajiwa. Mzazi anayesikia "hajaweza" huuliza, "Basi tufanye nini?" Anayesikia "hawezi" huenda akaamua mtoto abaki nyumbani achunge ng'ombe.

Tunapendekeza maoni yawe na sehemu tatu: anachoweza mtoto, asichoweza bado, na kitu kimoja cha kufanya nyumbani. Kwa mfano:

"Mama Nekesa, Nekesa anasoma aya fupi bila kusita. Hajaweza kumaliza hadithi nzima. Tafadhali, kila jioni asome ukurasa mmoja, kisha akusimulie kwa Kisamia alichosoma."

"Anajumlisha vizuri hadi 100. Kutoa bado hajakuzoea. Ukimtuma dukani, mwache ahesabu chenji mwenyewe."

Msomaji ataona kwamba mama asiyejua kusoma anaweza kutekeleza yote mawili. Hatakiwi kuwa mwalimu. Anatakiwa kusikiliza hadithi na kumtuma mtoto dukani, mambo ambayo huyafanya hata hivyo.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Mwalimu mwenye watoto 90 ataandika maoni ya namna hii saa ngapi? Jibu letu ni kwamba aanze na kusoma na kuhesabu tu, na ngazi ziwe zimeandaliwa mapema ili achague inayomfaa kila mtoto. Tena namba zipewe maelezo ya mstari mmoja chini ya ukurasa: "Agregeti: 4 ni bora kabisa, 36 ni ya chini kabisa." Mstari huo ungetosha kuokoa kuku wa nyanya.

Nafasi ya Kiswahili

Je, basi ripoti zote ziandikwe kwa Kiswahili? Tusikimbilie kusema ndiyo. Nchini Kenya Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Katiba ya 2010, na hufundishwa tangu madarasa ya chini. Nchini Uganda kilifanywa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini uamuzi wa baraza haumfanyi mama wa Lunyo kukielewa kesho yake. Wako wanaokijua kutoka sokoni, na wako wazee wanaokikumbuka kama lugha ya askari.

Kwa hiyo tunaona kazi igawanywe. Siku ya kufunga shule, mwalimu amweleze mzazi kwa mdomo, kwa lugha ya nyumbani. Hilo si geni, kwani tangu mwaka 2007 mtaala wa madarasa matatu ya chini nchini Uganda unaelekeza kufundisha kwa lugha ya eneo, na mwalimu anayo maneno. Kwenye karatasi aandike Kiswahili chepesi kando ya Kiingereza, ili shangazi aliye ng'ambo ya mpaka, na mwalimu mpya atakayempokea mtoto, waweze kusoma kitu kimoja.

Hitimisho

Katika idara zetu tunafundisha insha, barua rasmi, kumbukumbu za mikutano na hotuba. Maoni ya ripoti, ambayo kila mhitimu wetu atayaandika kwa miaka thelathini, hatuyafundishi. Tunapendekeza yaingizwe katika somo la uandishi. Zoezi la kwanza ni jepesi: chukua ripoti ya zamani yenye maneno "aongeze bidii", uiandike upya kwa sehemu tatu tulizotaja, kisha umsomee mtu ambaye hakusoma shule. Asipoweza kukwambia mtoto anajua nini na nyumbani kufanywe nini, andika tena.