Meli Iliyokataa Chuma
Je, msomaji, wajua kwamba hata siku isiyo na wingu hewa huwa na umeme? Kila mita moja kutoka ardhini ni volti 100 hivi. Usihofu, hutahisi lolote, kwani hewa haipitishi umeme vizuri.

Meli Carnegie ya Marekani, iliyoundwa mwaka wa 1909 kwa mbao na shaba ili chuma kisivuruge dira, ilizunguka bahari ikipima usumaku wa dunia na umeme huo. Ajabu ni kwamba umeme ulifikia kilele wakati mmoja kila bahari: yapata saa nne usiku kwa saa zetu. Dhoruba za radi, hasa za Afrika na Amerika, ndizo huuchochea.

Novemba 1929 petroli ililipuka ikipakiwa bandarini Apia, Samoa. Nahodha James Ault aliaga dunia pamoja na kijana mtumishi wa meli. Vipimo vyao wanasayansi wangali wanavitumia.