Kioo kimezimika, lakini chaji ingali inaliwa

ILIKUWA Ijumaa jioni, mwisho wa mwezi, na mvua ilikuwa ikinyesha jijini tangu saa tisa. Mama alikuwa safarini kutoka Kakamega, na tulikuwa tumekubaliana kwamba akifika katika kituo cha mabasi cha Machakos angenipigia simu nimwendee.

Nilipotoka kazini saa kumi na moja, simu yangu ilikuwa na asilimia 25 ya chaji. Nilizima kioo, nikaitia mkobani, nikaabiri matatu kwenda Kawangware nikawaandalie watoto chakula kwanza. Sikuigusa tena. Saa tatu usiku nilipoitoa, ilikuwa imezimika kabisa. Mtaa wetu nao haukuwa na stima.

Nilipopata jirani wa kuniazima simu na kufika kituoni, saa nne zilikuwa zimegonga. Mama alikuwa amekaa juu ya gunia lake la mahindi kwa zaidi ya saa mbili, kuku amemfumbata kifuani, mvua ikimrashia. Hakunigombeza. Alinionyesha tu kabambe yake, ambayo alikuwa ameichaji Jumanne.

"Mwanangu, hii yangu ingali na mistari mitatu. Hiyo yako ya maelfu hula nini?"

Swali hilo lilinikaa rohoni. Jumatatu niliipeleka simu kwa fundi mmoja katika barabara ya Luthuli, nikiwa na pesa mkononi za kununua betri mpya. Aliipima, kisha akanirudishia.

"Dada, betri yako ni nzima. Wewe hukuzima simu. Ulizima kioo tu."

Usingizi wa mang'amung'amu

Naam, msomaji, hapo ndipo wengi wetu hukosea. Kile tunachokiita simu siku hizi ni kompyuta ya mkononi, na kompyuta hiyo ikifungwa kioo hailali fofofo. Hulala usingizi wa mang'amung'amu, sikio moja likiwa wazi.

Kwanza, kuna kumbukumbu yake ya kazi, ile inayoshikilia programu ulizofungua. Kumbukumbu hiyo ni kama mtungi unaovuja. Ili yaliyomo yasipotee, ni lazima ijazwe umeme upya mara nyingi kila sekunde, hata kama simu iko ndani ya mkoba.

Pili, kuna redio inayowasiliana na mnara wa mtandao. Kila baada ya sekunde moja au mbili hivi, simu huamka na kusikiliza kama inaitwa. Bila hivyo, hakuna mtu angeweza kukupigia. Kazi hii mama yake kabambe huifanya pia, na haili chaji nyingi. Nokia 1100, ile ya tochi iliyotoka mwaka wa 2003, iliahidiwa na waundaji wake kukaa hadi saa 400 ikingoja tu kupigiwa. Hizo ni zaidi ya siku 16!

Tofauti iko katika jambo la tatu. Kabambe hungoja, basi. Kompyuta ya mkononi haingoji tu. Barua huangaliwa, habari hupakuliwa, picha hutumwa kwenye ghala za ng'ambo na programu hujiongeza zenyewe, na yote hayo hufanyika gizani bila mwenyewe kujua.

Jiko na kikombe cha chai

Fikiria mama wa nyumbani anayewasha jiko la makaa kwa kila kikombe kimoja cha chai. Chai ikiiva, makaa hayazimiki papo hapo. Huendelea kuwaka bure kwa muda. Redio ya simu iko vivyo hivyo. Ikishatuma ujumbe mmoja mdogo, hubaki macho kwa sekunde kadhaa kabla ya kurudi usingizini. Ndiyo maana vijumbe vingi vilivyotawanyika huweza kula chaji kuliko mzigo mmoja mkubwa uliotumwa kwa mkupuo.

Waundaji wa programu ya Android walilitambua jambo hili. Tangu mwaka wa 2015, simu nyingi za aina hiyo zikiachwa zimetulia huzilazimisha programu kungoja na kuamka pamoja, kana kwamba vikombe vyote vinapikwa kwa moto mmoja. Lakini programu ulizoziruhusu kufanya kazi bila kizuizi hazifungwi na sheria hiyo.

Adui mwingine ni mtandao dhaifu. Mnara ukiwa mbali, au ukuta mnene na mabati yakiwa katikati, simu hulazimika kupaza sauti ili isikike. Mtandao ukipotea kabisa, huutafuta tena na tena. Simu iliyoko chini ya jengo refu katikati ya jiji, au katika chumba cha mabati Kangemi, huweza kuchoka upesi kuliko simu kama hiyo iliyowekwa dirishani.

Fundi alifungua orodha ya matumizi ya betri katika mipangilio ya simu yangu, na mwizi akaonekana. Ilikuwa programu ya kuhifadhi picha. Juma hilo nilikuwa nimepiga picha nyingi za harusi. Nyumba yetu iko chini, nyuma ya ghorofa, na mtandao hufika kwa taabu. Jioni nzima simu ilikuwa ikijaribu kuzituma, ikishindwa, na kuanza tena.

Zamani hasara ilikuwa kubwa zaidi

Tatizo hili halikuanza jana. Palm Pilot, kompyuta ya mkononi iliyotoka mwaka wa 1996, ilitumia betri mbili ndogo za kawaida kwa majuma kadhaa, kwani haikuwa na rangi wala redio. Lakini kila kitu kilikuwa katika ule mtungi unaovuja. Betri zikifa kabisa, majina, nambari na shajara vyote vilipotea. Ni mwaka wa 2005 ambapo Microsoft, katika Windows Mobile 5.0, ilihamishia vitu vya mtumiaji kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme ili kudumu.

Siku hizi picha zako hazipotei chaji ikiisha. Lakini tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, simu imekuwa kibeti. Ikizimika, nauli, dawa ya mtoto na nambari za jamaa zote zimefungiwa ndani.

Nchi nzima iliwahi kuonja uchungu huo. Katika uchaguzi wa Machi 4, 2013, vifaa vya kielektroniki vya kuwatambua wapigakura viliishiwa na chaji katika vituo vingi, na maafisa wakarudi kwenye daftari la karatasi. Na usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea katika sehemu kubwa ya nchi, aliyekuwa na asilimia 10 alijua thamani yake.

Ufanyeje basi?

Fungua orodha ya matumizi ya betri mara moja kwa juma. Programu inayokula sana na huitumii, inyime ruhusa ya kufanya kazi kisirisiri. Agiza picha zitumwe wakati simu iko kwenye chaja pekee. Unapongoja simu muhimu na chaji ni kidogo, zima data. Atakayekupigia kwa njia ya kawaida bado atakupata.

Usihangaike kufunga kila programu kila mara. Kuifungua upya huweza kula zaidi. Wala usingoje betri iishe kabisa ndipo uichaji. Hiyo ilikuwa dawa ya betri za zamani za nikeli. Hizi za lithiamu huumizwa na kuisha kabisa na pia na joto, kwa hivyo usiiache simu juani wala karibu na jiko.

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Asilimia moja kwa saa haionekani, lakini asubuhi utakuta nane zimekwenda.

Mama anakuja tena mwezi wa Desemba. Nambari yangu anayo, na sasa anayo pia ya jirani. Amesema kabambe yake ataichaji siku ya Jumanne, kama kawaida.