Kidonge cha Bibi

Paukwa! Mbona mmeitika kinyonge? Paukwa! Haya, sogeeni. Leo hakuna sungura wala fisi. Kuna kidonge.

Huko Japani alikuwepo mtafiti wa dawa, Hachiro Sugimoto. Mama yake alizeeka akapoteza kumbukumbu, hata mwanawe akawa hamtambui. Sugimoto na wenzake wa kampuni ya Eisai wakahangaika miaka mingi hadi wakapata donepezili. Mwaka 1996 Marekani iliruhusu wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, waitumie.

Inafanyaje kazi? Ndani ya ubongo seli hupelekeana habari kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Habari ikishafika, kimeng'enya huja kuifagia kemikali hiyo. Kwa mgonjwa wa Alzheimer asetilikolini imeshapungua, na mfagiaji bado anafagia tu! Donepezili humshika mkono. Basi. Haiponyi. Huweza kumpa bibi nafuu kwa muda, na wengine haiwapi hata hiyo.

Mtego uko hapa: dawa ya kusahau hupewa mtu anayesahau. Bibi amekunywa dawa, mara anauliza, "Mjukuu wangu, hivi nimeshakunywa dawa?" Ukikisia, atakunywa tena. Ndiyo maana pakiti hushikwa na mtu mzima mmoja, naye hutia alama kwenye kalenda kila bibi anapomeza. Siku ikirukwa, kesho yake havimezwi viwili. Dawa hii haina haraka ya kutoka mwilini. Baada ya saa 70 hivi nusu yake bado imo.

Kwa kawaida daktari huanza na miligramu 5 usiku, kisha baada ya wiki 4 hadi 6 huenda akapandisha hadi 10. Anapandisha yeye, si jirani mwenye huruma. Tumbo huweza kuchafuka, chakula kikakataliwa, ndoto zikawa za ajabu. Hayo mwambieni mama au baba, wamfikishie daktari. Lakini bibi akizimia, au moyo ukipiga polepole mno, piga kelele watu waje, apelekwe hospitali.

Na mafua je? Wengi hukimbilia Piriton, kidonge kidogo cha bei nafuu. Kumbe Piriton huizuia asetilikolini ileile tunayoihangaikia! Kwa hiyo ukitumwa duka la dawa, usitaje mafua peke yake. Sema hivi: "Ni ya bibi, na bibi anatumia donepezili."