Denver na Kotabeki wa Miaka 39

Futiboli ya Kimarekani ni mchezo wa kikosi kikubwa, lakini hatima ya timu hutegemea zaidi mtu mmoja anayeitwa kotabeki, yaani mchezaji anayekabidhiwa mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na ambaye, katika muda wa sekunde mbili tatu, huku wapinzani wenye uzito wa zaidi ya kilo 100 wakimjia mbio kumwangusha, hulazimika kuamua kama aurushe kwa mwenzake aliye mbele au ampe aliye karibu akimbie nao. Kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani, na timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10, umbali unaozidi kidogo meta 9. Ikifaulu huhesabiwa nafasi nne nyingine, na ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Jambo ambalo mtazamaji wa soka huchelewa kulizoea ni kwamba wanaoshambulia si hao wanaolinda, kwa kuwa mpira unapopotea kikosi kizima cha ushambuliaji hutoka na kikosi cha ulinzi huingia, kila kimoja kikiwa na makocha wake na mbinu zake.

Mgawanyo huo wa kazi ndio unaofanya kuzeeka kwa kotabeki kuwe tatizo la aina yake. Katika soka, winga aliyepungukiwa kasi anaweza kurudishwa kiungo akatumia akili zaidi ya miguu, na beki wa pembeni aliyechoka kupanda na kushuka akahamishiwa katikati ya ulinzi, ilhali kotabeki hana pa kuhamia. Kazi yake ni moja, nayo hufanywa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mazoezi ya wiki nzima hupangwa kwa kufuata anachokiweza, hata mchezaji wa akiba hupata nafasi chache mno za kuzoeana na wenzake. Pesa nazo hubana. Ligi ya NFL, yenye timu 32, huweka kila mwaka kikomo cha jumla ya mishahara ambacho timu haipaswi kukivuka, na mwaka 2015 kikomo hicho kilikuwa takriban dola milioni 143, hivyo kila milioni anayolipwa mkongwe asiye na uhakika wa afya ni milioni iliyoondolewa kwa wale ambao wangemkinga asiumie.

Peyton Manning, aliyezaliwa Machi 1976, aliingia ligini mwaka 1998 akiwa chaguo la kwanza katika uteuzi wa wachezaji chipukizi, utaratibu wa kila mwaka ambapo timu iliyofanya vibaya kuliko zote hupewa nafasi ya kuchagua kwanza. Kwa misimu 13 alianza kila mechi ya timu ya Indianapolis Colts, mechi 208 za ligi mfululizo, na kudumu huko kuliwalevya viongozi wa timu hiyo hata wasione haja ya kumwandaa mrithi. Mwaka 2011 shingo yake ilifika mwisho. Kisahani cha gegedu kati ya pingili kiliubana mshipa wa fahamu unaoelekea mkono wa kulia, mkono wa kurushia, hadi misuli yake ikadhoofika, na baada ya matibabu kadhaa kushindwa madaktari waliziunganisha pingili hizo kwa upasuaji. Hakucheza hata mechi moja msimu huo. Timu ilimwita Kerry Collins, kotabeki wa miaka 38 aliyekuwa amekwisha kustaafu, ikapoteza mechi 13 za mwanzo na kumaliza na ushindi mara 2 tu katika mechi 16.

Matokeo hayo mabaya yaliipa Indianapolis nafasi ya kuchagua kwanza, na katika uteuzi wa mwaka 2012 alikuwapo Andrew Luck, kijana aliyetazamiwa kuwa kotabeki bora wa kizazi chake. Machi 7, 2012, Manning aliachwa, muda mfupi kabla ya timu kulazimika kumlipa marupurupu ya dola milioni 28. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa utovu wa shukrani, lakini shukrani haikuwa swali lililokuwa mezani. Swali lilikuwa kama timu iliyovunjika inaweza kuweka dau lake lote juu ya shingo iliyopasuliwa, na jibu la Indianapolis lilikuwa la busara kwa yale yaliyojulikana siku hiyo. Kosa lao lilikuwa la nyuma zaidi, la kuufanya uimara wa mtu kuwa mpango wa timu.

Denver Broncos walimchukua mwezi huohuo kwa mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 96. Aliyeongoza uamuzi huo, John Elway, alikuwa na sababu ya kutoogopa umri, kwa kuwa yeye mwenyewe akiwa kotabeki wa Denver alitwaa ubingwa wake wa kwanza akiwa na miaka 37 na wa pili akiwa na miaka 38, kisha akastaafu. Tena Elway hakuupata ubingwa wa kwanza kwa kurusha sana: katika fainali ya Januari 1998 pasi zake zilizofika zilikuwa 12 tu, zenye jumla ya yadi 123, wala hakurusha hata moja iliyozaa tachidauni, yaani kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani na kupata pointi 6. Mzigo ulibebwa na Terrell Davis, mkimbiaji aliyekwenda na mpira yadi 157, na mratibu wa ushambuliaji aliyeupanga mchezo huo aliitwa Gary Kubiak.

Somo hilo, la kumpunguzia mkongwe mzigo, halikuhitajika mara moja. Katika uteuzi wa mwaka 2012 Denver walimchagua pia Brock Osweiler, kotabeki kijana na mrefu aliyekaa benchi miaka mitatu akijifunza, na Manning naye alionyesha kwamba akili inaweza kuficha udhaifu wa mkono kwa muda mrefu kuliko wengi walivyodhani. Alisoma mpangilio wa walinzi kabla ya mpira kuanza, akabadilisha mbinu papo hapo kwa sauti na ishara, akautoa mpira mapema kabla hajafikiwa. Mwaka 2013 alirusha pasi 55 za tachidauni na kufikisha yadi 5,477, rekodi mbili za ligi kwa msimu mmoja. Hata hivyo, katika fainali ya Februari 2014 Seattle iliifunga Denver 43 kwa 8, kipigo kilichoonyesha kwamba timu iliyoegemea mtu mmoja huanguka naye pale wapinzani wanapompata. Elway alifanya jambo la maana kuliko yote katika kisa hiki: alitumia pesa kuimarisha ulinzi, akamsajili DeMarcus Ware kumsaidia Von Miller, wote wawili mabingwa wa kumfikia na kumwangusha kotabeki wa upande wa pili.

Mwishoni mwa msimu wa 2014 Manning aliumia paja, na Denver wakatolewa katika mtoano na Indianapolis yenye Luck. Kocha John Fox aliondoka, akaja Kubiak yuleyule, na Manning akakubali mshahara wake upunguzwe kutoka dola milioni 19 hadi 15, huku akiahidiwa kurudishiwa hizo 4 endapo timu ingetwaa ubingwa. Mfumo wa Kubiak, unaotegemea wakimbiaji na kumtaka kotabeki asogee pembeni kabla ya kurusha, haukumfaa mtu wa miaka 39 asiye na kasi, na miezi ya mwanzo ilipita katika maafikiano ya kusuasua kati ya mbinu za kocha na mazoea ya mchezaji. Ulinzi ndio uliokuwa ukishinda. Timu ilipata ushindi mara 7 mfululizo mwanzoni mwa msimu wakati kotabeki wake akirusha pasi nyingi zilizonaswa na wapinzani kuliko zilizozaa tachidauni.

Jeraha lililomwangusha safari hii lilikuwa mguuni. Chini ya unyayo upo utepe mgumu wa tishu unaotoka kisiginoni hadi karibu na vidole, na wa mguu wake wa kushoto ulikuwa umechanika kiasi. Kwa mtu anayerusha kwa mkono wa kulia, mguu wa kushoto ndio unaokanyagwa mbele ili nguvu ya mwili ihamie kwenye mpira, kwa hiyo asiyeweza kuukanyaga hubaki kurusha kwa bega tupu, na bega la Manning lilikuwa limekwisha kudhoofishwa na shingo. Novemba 15, 2015, dhidi ya Kansas City, alihitaji yadi 3 tu kuivunja rekodi ya kotabeki Brett Favre ya jumla ya yadi za pasi, akaivunja. Kisha akamaliza na pasi 5 zilizofika kati ya 20 na nyingine 4 zilizonaswa. Kubiak alimtoa, akamwingiza Osweiler.

Hapa ndipo timu nyingi hukwama, kwa sababu kumtoa gwiji ni rahisi kuliko kuishi na uamuzi huo. Osweiler alianza mechi 7 na kushinda 5, mojawapo dhidi ya New England ambayo haikuwa imepoteza mechi yoyote, na ushindi huo ndio uliomnunulia Manning wiki za kuuguza mguu. Katika mechi ya mwisho ya ligi, Januari 3, 2016, Denver walipoteza mpira mara 5, na baadhi ya makosa hayo hayakuwa ya kijana huyo. Hata hivyo Kubiak alimrudisha mkongwe katika robo ya tatu wakiwa nyuma, na timu ikashinda 27 kwa 20 zaidi kwa mbio kuliko kwa pasi.

Manning aliyecheza mtoano alikuwa na mkono uleule, ila alikuwa ameombwa mambo machache. Katika ligi alikuwa amerusha pasi 9 za tachidauni na kunaswa mara 17, na katika mechi tatu za mtoano alirusha 2 na kunaswa mara 1, kwa kuwa hakutakiwa tena kushinda mechi, bali kutoipoteza. Fainali ya Februari 7, 2016, Super Bowl ya 50, Denver walishinda 24 kwa 10 dhidi ya Carolina wakiwa wamesonga mbele jumla ya yadi 194 tu, kiasi kidogo kuliko bingwa yeyote aliyetangulia. Pasi 13 za Manning zilifika, zenye yadi 141, hesabu inayofanana mno na ile ya Elway wa mwaka 1998, na mchezaji bora wa mechi alikuwa mlinzi, Von Miller.

Isidhaniwe kwamba kila timu inaweza kuiga hivyo. New York Jets walimchukua kotabeki Aaron Rodgers naye akiwa na miaka 39, na Septemba 11, 2023, kano yake ya kisigino ilikatika baada ya mashambulizi manne tu ya mechi yake ya kwanza. Walikuwa na ulinzi mzuri na walishinda usiku huo, lakini akiba yao haikuweza kuubeba msimu, wakamaliza na ushindi mara 7 katika mechi 17. Ujana nao si dawa kamili, maana Andrew Luck, yule aliyepewa nafasi ya Manning, aliumia mara kwa mara hadi akastaafu Agosti 2019 akiwa na miaka 29.

Gharama ya Denver ilikuja baadaye. Manning alitangaza kustaafu Machi 7, 2016, miaka 4 kamili tangu aachwe na Indianapolis, na siku mbili baadaye Osweiler, aliyekuwa amelelewa kwa ajili ya siku hiyo, alikubali dola milioni 72 za Houston. Tangu hapo makotabeki zaidi ya 10 walijaribiwa katika nafasi hiyo, Osweiler mwenyewe akiwa mmojawao aliporudi mwaka 2017, na Denver hawakuingia katika mtoano hata msimu mmoja kuanzia 2016 hadi 2023; waliingia tena msimu wa 2024, wakiongozwa na Bo Nix, kotabeki aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza ligini.