Watoto Wasiomo Katika Shajara

Katika shajara nyingi tunazoletewa hapa Oakdale ili tuzisome na kuzinakili, kuna hesabu moja inayopotosha. Babu ameandikwa na watoto wanne, pengine watano, wote waliokua wakaoa na kuzaa. Mjukuu aliyezaliwa Minnesota akiitazama karatasi hiyo hudhani kwamba wazee wetu walikuwa na familia ndogo kama za leo. Baadaye shangazi humwambia kuwa bibi alijifungua mara tisa. Hapo hugeukia dhana nyingine: kwamba watu wa zamani walizaa bila ya kufikiri, na kufiwa na mtoto walikuzoea. Dhana zote mbili si sahihi, na hiyo ya pili inatuuma zaidi.

Shajara iliandikwa kwa ajili ya nasaba. Inamtaka aliyeacha kizazi. Mtoto aliyefariki kabla ya kutimiza mwaka hana mahali ndani yake, na mabinti nao mara nyingi wamerukwa.

Wanahistoria waliolinganisha rekodi za nchi mbalimbali hukisia kwamba, kabla ya karne ya 20, takriban robo ya watoto walikufa katika mwaka wao wa kwanza, na karibu nusu hawakufikia baleghe. Basi mume na mke waliotaka watoto wanne wafike utu uzima walihitaji kuzaa wanane. Tena hakuna aliyeahidiwa nusu yake. Nyumba moja iliweza kuwalea wote wanane, na ya jirani, ndui ikishapita, ikabaki na mmoja.

Wala haya hayakuwa ya pwani yetu peke yake. Majirani zetu wengi hapa ni wajukuu wa wahamiaji kutoka Uswidi, nchi iliyoanza kukusanya takwimu za vizazi na vifo mwaka 1749. Katika nusu ya pili ya karne hiyo, watoto 200 hivi katika kila 1,000 walikufa huko kabla ya kutimiza mwaka. Minnesota yenyewe ilikuwa miongoni mwa majimbo kumi ya mwanzo kuingia katika daftari la vizazi la Marekani mwaka 1915, na katika majimbo hayo idadi ilikuwa bado karibu 100 kwa 1,000.

Tukirudi Unguja, mfano unaotajwa sana ni wa Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki baharini mwaka 1856 akaacha watoto 36 walio hai. Ndivyo alivyoandika binti yake Seyyida Salme, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Watu huishangaa idadi hiyo, wakasahau kwamba mkewe mkuu, Bibi Azza bint Seif, hakujaaliwa mtoto hata mmoja, na kwamba wale wote walizaliwa na masuria. Idadi ile ni ya mwanamume mmoja. Juu ya uzazi wa mama mmoja haituelezi kitu. Salme mwenyewe alifiwa na mama yake katika kipindupindu cha 1859, kisha mwaka 1867 akampoteza mwanawe wa kwanza, akiwa mchanga, katika safari ya kwenda Ujerumani.

Je, wazee walipanga? Walipanga, ila si kwa kuweka idadi. Walipanga nafasi. Kunyonyesha miaka miwili ni jambo lililotajwa katika Kurani, na pwani likalindwa na neno zito: kubemenda. Wazazi waliokutana mapema, mama akapata mimba na huku mtoto yumo kifuani, waliambiwa wamembemenda, na aibu ikawa yao wote wawili. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kimila, lakini madhara yalikuwa ya kweli, maana mtoto anayeachishwa ziwa kabla ya wakati hudhoofika upesi. Wanazuoni nao hawakunyamaza. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliijuzisha azli katika Ihya, na miongoni mwa sababu alizozikubali ni kumhifadhi mke na hatari ya uzazi, na kuchelea uzito wa watoto wengi. Watu wasiofikiri hawahitaji fatwa.

Uamuzi wa kuzaa wachache ulikuja baadaye, wazazi walipoanza kuamini kuwa aliyezaliwa ataishi. Imani hiyo haiji mara moja. Uswidi vifo vya watoto vilianza kushuka mwanzoni mwa karne ya 19, na vizazi vikafuata kwenye miaka ya 1880. Oman, walikorejea jamaa zetu wengi baada ya 1970, safari hiyo ilikwenda mbio. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zaidi ya mtoto mmoja katika kumi alikufa kabla ya mwaka. Kufikia mwaka 2000 hawakuzidi 20 kwa 1,000. Lakini katikati ya miaka ya 1980 mama wa Oman alikuwa bado akizaa wastani wa watoto wanane hivi. Serikali ilianzisha mpango wake mwaka 1994, nao ukaitwa wa kuachanisha uzazi, si wa kupunguza. Jina hilo lilichaguliwa vizuri. Bibi zetu wangelielewa.

Kwa wanaokusanya shajara sasa, tunashauri namna ya kuuliza. Ukimwuliza bibi ana watoto wangapi, atakuhesabia walio hai. Katika miaka ya 1960 William Brass, aliyeshughulikia takwimu za Afrika, alijenga hesabu zake za vifo juu ya maswali mepesi waliyoulizwa akina mama: umezaa wangapi kwa jumla, na wangapi wametangulia? Ulizeni hivyo, kwa upole, na kila mimba kwa zamu yake. Aliyepewa jina aandikwe kwa jina lake. Aliyefariki kabla ya siku ya saba, bila ya jina, aandikwe "mtoto wa fulani", kwa mpangilio wa kuzaliwa, baina ya nduguze.