Gobori, pupu na sheria ya uwindaji

Ndugu wanachama, mahindi yakianza kukomaa nguruwe pori nao wanashuka, na kwenye mikutano swali ni lile lile: kooperative inunue bunduki ya kulinda mashamba? Inayotajwa ni gobori, maana bei ni ndogo na fundi yuko karibu. Kabla ya kuchanga pesa, tuelewane kwanza.

Gobori hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu: baruti, kitambaa, kisha risasi, moja baada ya nyingine. Zile za zamani ziliwaka kwa jiwe la gumegume, zilizofuata kwa fataki. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikataza bunduki za kisasa kuuzwa sehemu kubwa ya Afrika, lakini gumegume zikaruhusiwa. Ndiyo maana bado ziko nyumba nyingi.

Huko Marekani watu wanawinda mpaka leo na gobori mpya. Mtutu ni wa chuma kigumu, fataki iko nyuma kabisa ya baruti, na kizibo cha nyuma kinafunguliwa ili kusafisha. Lakini kinacholinda mpigaji ni kipimo. Mji wa Liège, Ubelgiji, una nyumba ya kupima mitutu tangu 1672: wanapiga kwa baruti nyingi kuliko kawaida, na mtutu ukivumilia unagongwa chapa.

Pupu yetu je? Mtutu wake mara nyingi ni bomba la maji au chuma cha usukani wa gari, na fataki ni vichwa vya kibiriti. Bomba lile lilitengenezwa kupitisha maji, si moto wa baruti, na hakuna aliyelipima. Tena masizi ya baruti yanavuta unyevu, kutu inakula ndani, wewe huoni kitu. Siku likipasuka, linapasuka karibu na macho na mkono wa kushoto.

Wengine husema: «Hii ni ya babu, haina neno.» Hapana. Kwa Leta, gobori ni silaha. Kuna sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985, na sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982. Kila moja inadai ruhusa yake. Kuwa na moja si kuwa na zote. Na hata mwenye permi haruhusiwi kuwinda ndani ya parke, wakati uwindaji umefungwa, usiku kwa taa, wala kwa sumu. Okapi, gorila na sokomutu hawaguswi kabisa. Tarehe za kufungua na kufunga zinabadilika, basi muulize ofisi ya Mazingira ya teritware yenu, na mkilipa mudai risiti.

Mimi naona zamu za usiku, ngoma na moto wa pembeni ya shamba ni bei nafuu zaidi.

Kwa aliye na gobori tayari: isikae nyumbani ikiwa imeshindiliwa, na baruti iwe mbali na jiko. Ukiisha kupiga, usimimine baruti nyingine mara moja. Ngoja, pitisha kitambaa chenye maji ndani ya mtutu, maana cheche inaweza kubaki chini na kuwasha baruti mkono ukiwa bado mdomoni mwa bunduki.