Kilima kisicho na mti: matembezi katika nchi ya shaba nje ya Lubumbashi

Ukitoka Lubumbashi alfajiri kwa barabara ya Kasenga, kitu cha kwanza unachokutana nacho ni baiskeli. Zinakuja mjini moja nyuma ya nyingine, kila moja imebeba magunia ya makala yaliyofungwa juu hadi kumfunika anayeisukuma. Nyuma yao kuna mama wenye mabeseni ya lengalenga na sombe wanaowahi soko. Mji unaamka, nao unataka kupika.

Ukiacha lami na kushika njia ya miguu kati ya mashamba, kelele za magari zinapungua. Mwezi wa nne mvua inaelekea kwisha. Mahindi yamekauka kwenye mabua, viazi vitamu vimetambaa kwenye matuta, na mihogo imepita kimo cha mtu. Mbele yako, juu ya pori la miombo, kinajitokeza kilima cha nyasi tupu. Hakuna mti hata mmoja kileleni.

Mgeni atadhani watu wa makala wamekimaliza. Sivyo. Kilima hicho hakikuwa na miti tangu zamani, na sababu iko chini ya miguu yako: shaba.

Nyasi zinazosema ukweli

Kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi, katika ukanda wa kilomita kama 300, kuna zaidi ya vilima 100 vya namna hii. Udongo wake una shaba nyingi mno, na mara nyingi kobalti pia. Katika udongo wa kawaida wa miombo shaba hupimwa kwa makumi ya miligramu kwa kilo moja ya udongo. Juu ya vilima hivi huvuka 1,000, na mahali pengine hupita 10,000. Miti ya miombo haiwezi kuvumilia sumu hiyo. Inasimama kwenye tako la kilima, nyasi zinapokea, na pale mwamba unapojitokeza hubaki majani mafupi na maua madogo.

Ukipanda taratibu utaona mabadiliko hayo kwa macho, bila kipimo chochote. Chini ni kivuli, katikati ni nyasi zinazofika kiunoni, juu ni mawe yenye madoa ya kijani. Kijani hicho ni malakiti, jiwe la shaba.

Mmea unaojulikana zaidi huitwa na wataalamu Haumaniastrum katangense, na kwa Kifaransa umepewa jina la "ua la shaba". Ni mmea mdogo wa jamii ya mrehani. Mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji, Paul Duvigneaud, aliandika kwa kina juu ya mimea ya udongo wenye madini wa Katanga mwaka 1958. Tangu hapo watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wameorodhesha zaidi ya aina 500 za mimea kwenye vilima hivi. Aina zaidi ya 30 hazioti mahali pengine popote duniani.

Ua hilo lina siri nyingine. Huota pia mahali ambapo watu wa kale waliyeyusha shaba, kwa sababu mabaki ya tanuru yalichafua udongo. Waakiolojia walilifuata ua hilo, na karibu na Lubumbashi lenyewe wakafika kwenye tanuru za kale zilizokuwa zimefunikwa na majani.

Walaji shaba

Kwa hiyo Wazungu hawakuwa wa kwanza kusoma vilima hivi. Karne nyingi kabla yao, wachimbaji wa Katanga walitafuta vilima visivyo na miti, wakachimba malakiti wakati wa kiangazi kazi za shamba zilipopungua, wakaiyeyusha kwa makaa ya mti na mivukuto. Waliitwa "walaji shaba". Katika makaburi ya kale ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, imefukuliwa misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama mali na baadaye kama fedha. Misalaba mitatu ya namna hiyo iliwekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960.

Mwanajiolojia Jules Cornet alipopita hapa mwaka 1892 na msafara wa Bia na Francqui, alionyeshwa mashimo ambayo wenyeji walikuwa wakiyachimba tangu zamani. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru lake lilitoa shaba ya kwanza. Madini yalitoka Étoile, kilima ambacho wenyeji walikiita Kalukuluku, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji.

Leo ukitafuta kilima cha Étoile utakuta shimo. Mmea mmoja, Crepidorhopalon perennis, unajulikana kutoka hapo tu. Ruashi na Luiswishi nako kumechimbwa. Kinsevere, kaskazini mwa mji, kuna mgodi mkubwa. Kilichobaki kwa mtu wa kutembea ni vipande: mgongo wa kilima hapa, mteremko pale, mara nyingi nyuma ya uzio na mlinzi.

Vichuguu vya miaka elfu mbili

Ukishuka kilima na kurudi mashambani, utaona vilima vingine, hivi vidogo. Ni vichuguu vya mchwa, vipana kama nyumba, vingine vikifika mita 8 kwenda juu. Watafiti walipima umri wa baadhi yake karibu na Lubumbashi na kukuta vingine vina zaidi ya miaka 2,000. Kichuguu ambacho mkulima anakizunguka na jembe lake huenda kilikuwapo kabla ya tanuru za kwanza za shaba.

Mkulima anakijua kwa matumizi yake. Udongo wake una chokaa na rutuba kuliko udongo mwekundu unaouzunguka, kwa hiyo humwagwa shambani. Hufyatuliwa matofali ya kuchoma. Mama wajawazito hununua vipande vyake sokoni na kuvitafuna. Kila nyumba mpya inayojengwa pembezoni mwa mji inameza kichuguu, na hakuna kinachoota badala yake.

Bukari inatoka wapi

Hapa ndipo matembezi yanapogeuka kuwa swali la sahani. Lubumbashi ni mji wa bukari, lakini sehemu kubwa ya unga wake huingia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Zambia ikifunga mauzo ya mahindi kwa sababu ya ukame, bei ya mfuko wa unga inapanda Lubumbashi. Mashamba haya ya kando ya vilima, madogo yalivyo, ndiyo akiba ya mji.

Lakini mkulima wa hapa ana jirani mzito. Upande mmoja miombo inakatwa kwa ajili ya makala, naye anatembea mbali zaidi kutafuta kuni, bowa na viwavi. Upande wa pili ni mgodi. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 iliirudishia serikali umiliki wa ardhi na madini. Mwenye shamba la kimila analima juu, lakini kilicho chini si chake. Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka anayeharibiwa shamba alipwe fidia, na kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Haki hiyo humfaa anayeijua, mwenye shamba lililopimwa na jina lililoandikwa.

Kuna pia vumbi. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini Katanga. Kobalti ilikuwa juu mno, na watoto walikuwa na zaidi kuliko watu wazima. Sehemu ya madini hayo hupita mdomoni, kwa vumbi na kwa chakula. Mboga za majani kama lengalenga hunyonya madini kwa urahisi kuliko nafaka. Wataalamu wa kilimo wa chuo kikuu wamejaribu chokaa na mbolea ya samadi ili kuyafunga madini udongoni, na kupanda nyasi za vilima vya shaba kwenye udongo uliochafuliwa ili usipeperuke. Nyasi zile zile ambazo mgodi huzing'oa ndizo zinazoweza kufunika jeraha lake.

Ukitaka kwenda

Nenda kati ya mwezi wa nne na wa sita, mvua ikiisha na moto wa kiangazi haujateketeza nyasi. Anza kwa kumsalimu mkuu wa kijiji na kumweleza unakokwenda. Usivuke uzio wa mgodi, na usisogelee mashimo ya wachimbaji wa mikono, kwa maana kingo zake huporomoka. Osha mikono kabla ya kula. Using'oe maua: huenda umeshika mmea usiopatikana kwingine.

Jioni, ukirudi kwa njia ile ile, utakutana tena na baiskeli. Sasa zinakwenda porini tupu, kufuata makala ya kesho. Mashamba yako kushoto na kulia, na kilima kiko nyuma yako bado kimevaa nyasi. Mwenye shamba lililo chini yake hana namna ya kujua kama mwakani atavuna hapo.